Otsu, mji mkongwe wa Ziwa Biwa: mwongozo kamili wa siku mbili

Kutoka stesheni ya Kyoto hadi Otsu ni vituo viwili, dakika kama 10. Treni inapita chini ya vilima, na ikitokeza upande wa pili umeshaingia mji uliokuwa makao makuu ya Japani mwaka 667, miaka 127 kabla ya Kyoto yenyewe kupewa heshima hiyo. Hata hivyo wapo wageni wanaoshuka pale stesheni ya Otsu, wakakuta benki, ofisi za mkoa wa Shiga na teksi zilizopanga foleni, wakajiuliza mji wa kale uko wapi, kisha wakapanda treni ya kurudi.

Mji wa kale upo, ila haukai mahali pamoja. Otsu umetungwa kama shanga: uzi ni ufukwe wa kusini-magharibi wa Ziwa Biwa, na shanga ni hekalu hapa, daraja pale, bandari, kaburi la mshairi, mtaa wa watawa chini ya mlima. Bahati nzuri juu ya uzi huo pamelazwa reli. Ni njia ya Ishiyama–Sakamoto ya kampuni ya Keihan: kilomita 14.1, vituo 21, treni za mabehewa mawili tu, na dakika 35 hivi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwongozo huu wote unafuata reli hiyo.

Ziwa kwanza

Ziwa Biwa ndilo kubwa kuliko yote Japani: kilomita za mraba 670, kina cha mita 104 pale penye kina zaidi. Kwa mtu wa Mwanza au Kisumu hicho ni kidimbwi, maana Ziwa Victoria linaingiza Biwa mia moja na nafasi ikabaki. Lakini kwa umri Biwa si mtoto. Lina miaka kama milioni 4, na linahesabiwa pamoja na Tanganyika na Baikal katika kundi dogo la maziwa ya kale duniani. Maziwa mengi hujaa matope ya mito na kufa ndani ya makumi ya maelfu ya miaka. Haya hayakujaa kwa sababu ardhi iliyo chini yake inaendelea kudidimia. Ndiyo maana Biwa lina aina zaidi ya 60 za viumbe wasiopatikana penginepo, na baadhi yao utakutana nao kwenye sahani.

Jambo jingine la kushika: mito zaidi ya 100 inaingia ziwani, lakini unaotoka kwa njia ya asili ni mmoja tu, mto Seta, na unaanzia ndani ya Otsu. Maji hayo ndiyo yanayokwenda hadi Osaka, na watu kama milioni 14 wa Kansai, eneo la Osaka na Kyoto, wanayatumia. Mlango mmoja wa maji, daraja moja la kale juu yake: historia ya mji huu kwa kiasi kikubwa ni historia ya kugombea mlango huo.

Jina lenyewe ni la kibandari. “O” ni kubwa, “tsu” ni bandari. Mchele na samaki kutoka pwani ya Bahari ya Japani walisafirishwa kwa mashua hadi kusini mwa ziwa, wakashushwa Otsu, wakavushwa kilima kwa mikokoteni ya ng'ombe hadi Kyoto. Mfalme Tenji alihamishia makao yake hapa mwaka 667, miaka minne baada ya majeshi yake kushindwa vibaya kule Korea. Alipofariki, ndugu yake na mwanawe waligombea kiti, na vita vya mwaka 672 vikaamuliwa pale pale kwenye daraja la Seta. Mshindi akarudisha makao makuu Asuka. Otsu ulikuwa kitovu cha nchi kwa miaka mitano tu, na wa jumba la Tenji hutaona zaidi ya alama za mahali nguzo ziliposimama, katikati ya nyumba za watu.

Kufika, na kosa la majina ya stesheni

Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza kabla ya kusafiri. Uwanja wa ndege ulio karibu ni Kansai, Osaka: treni ya Haruka inakufikisha Kyoto kwa dakika 80 hivi, halafu unabadilisha. Kutoka Tokyo, treni ya kasi (shinkansen) ya Nozomi inatumia saa mbili na robo hadi Kyoto, haisimami Otsu.

Ile pasi ya siku 7 ya JR, kampuni kuu ya reli za Japani, ilipandishwa bei Oktoba 2023 hadi yeni 50,000. Kwa safari ya Kyoto na Otsu pekee ni kutupa pesa, na isitoshe treni za Keihan haizihusu. Nunua kadi ya nauli ya ICOCA kwenye mashine ya stesheni: yeni 2,000, ambazo 500 ni dhamana. Inagusishwa kwenye JR, Keihan, mabasi, hata madukani. Ukikusudia kushuka na kupanda treni ya Keihan mara nne au zaidi kwa siku moja, uliza tiketi yao ya siku nzima ya njia za Otsu, kisha upige hesabu.

Sasa kosa lenyewe. Stesheni ya Kyoto ina njia mbili za JR zinazoelekea ziwani. Njia ya Biwako, kwa kawaida jukwaa la 2, inakwenda Otsu, Zeze na Ishiyama. Njia ya Kosei, jukwaa la 3, inakwenda Otsukyo, Hieizan-Sakamoto, Ogoto-onsen na Katata. Zote mbili zinasimama Yamashina, kisha zinaachana, moja upande wa kusini na nyingine upande wa magharibi wa ziwa. Otsu na Otsukyo ni stesheni mbili tofauti kwenye njia mbili tofauti, na mtu mwenye haraka husoma herufi nne za mwanzo akapanda. Ukigundua mapema, shuka Yamashina ubadilishe. Ukigundua umeshafika Otsukyo, usirudi: toka nje, stesheni ya Keihan-Otsukyo iko jirani, na kutoka hapo reli ya Keihan itakupeleka popote panapotajwa katika siku ya kwanza.

JR na Keihan zinakutana mahali patatu pa kufaa: Ishiyama, Zeze na Otsukyo. Stesheni ya JR Otsu haimo, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoanzia hapo. Treni ya haraka zaidi, shinkaisoku, inasimama Otsu na Ishiyama lakini inapita Zeze bila kusimama.

Kuhusu saa, msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wengine hawana. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6 kamili. Kwa hiyo saa ya mkononi ambayo hukuibadilisha tangu Nairobi au Dar inakusomea saa za Japani kwa Kiswahili: ikionyesha 3, Japani ni saa tatu asubuhi, na hekalu ndiyo linafunguliwa. Tiketi na mbao za stesheni huandikwa kwa mfumo wa saa 24, hivyo 16:30 ni saa kumi na nusu jioni. Kariri hiyo 16:30. Ndiyo saa ambayo milango mingi ya mahekalu ya Otsu huacha kuingiza watu, na ndiyo inayoharibu mipango ya wanaoamka wamechelewa.

Siku ya kwanza: kutoka Ishiyama hadi bandarini

Anzia kusini upande juu. Kutoka Kyoto panda shinkaisoku hadi Ishiyama, robo saa hivi, badilisha Keihan, nenda vituo viwili hadi mwisho wa reli, Ishiyamadera. Tembea dakika 10 ukiufuata mto Seta, maji yakiwa mkono wako wa kushoto. Hekalu linafunguliwa saa 2 asubuhi, mapema kuliko mengi, na ndiyo sababu ya kulitanguliza.

Ishiyama-dera maana yake hekalu la mlima wa mawe, na jina halitii chumvi. Katikati ya uwanja umechomoza mwamba uliojikunja kama nguo iliyokamuliwa. Ni wollastonite: chokaa ya zamani iliyopikwa na joto la mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi hadi ikageuka kitu kingine. Ukumbi mkuu, ambao sehemu yake kongwe ni ya mwaka 1096, ndilo jengo la zamani kuliko yote katika mkoa wa Shiga, na umesimama juu ya nguzo kwenye mwamba huohuo. Juu zaidi kuna tahoto, mnara wa orofa mbili wa mwaka 1194, mkongwe kuliko yote ya aina yake Japani. Simama chini yake utazame paa: orofa ya chini ni mraba, ya juu ni duara, na pale zinapokutana pamezibwa kwa chokaa nyeupe iliyovimba kama mgongo wa kobe, maana ndipo penye ugumu wa kuunganisha maumbo hayo mawili. Inasimuliwa kwamba mwandishi Murasaki Shikibu alianza kuandika riwaya yake maarufu, hadithi ya Genji, hapa usiku wa mbalamwezi mwaka 1004. Chumba unachoonyeshwa kichukulie kama simulizi. Tenga dakika 75, na vaa viatu vyenye soli inayoshika, kwani ngazi za mawe huteleza baada ya mvua.

Rudi kwa treni kituo kimoja, Karahashimae, utembee dakika 5 hadi daraja la Seta no Karahashi. Daraja la sasa ni la zege, la mwaka 1979, kwa hiyo usitarajie mbao za kale. Thamani yake ni mahali. Kwa karne nyingi hili ndilo lilikuwa daraja pekee la kuvuka kutoka mashariki kuingia Kyoto, na msemo ulikuwa kwamba mwenye kulishika Karahashi ameishika nchi. Limechomwa na kujengwa upya mara nyingi kuliko inavyofaa daraja lolote. Dakika 20 zinatosha.

Treni tena kuelekea kaskazini. Zeze-Honmachi unaweza kuruka: ngome iliyojengwa majini mwaka 1601 kwa amri ya mtawala Tokugawa Ieyasu ilibomolewa 1870, na sasa ni bustani nzuri ya kulia chakula ulichofunga. Shuka Keihan-Zeze, utembee dakika 10 hivi hadi Gichu-ji. Ni hekalu dogo kuliko ua wa nyumba nyingi za Uswahilini, na ndani yake kuna makaburi mawili yanayopakana: la Kiso Yoshinaka, jemadari aliyeuawa karibu na hapo mwaka 1184, na la Matsuo Basho, mshairi wa haiku (mashairi mafupi ya Kijapani), aliyefariki Osaka mwaka 1694 akiwa ameacha wosia azikwe kando ya jemadari huyo. Maiti yake ilipandishwa mto kwa mashua. Hufungwa Jumatatu, ukisahau hilo, utasoma ubao mlangoni.

Mchana ufike Biwako-Hamaotsu. Hapa ndipo gati lilipo, na meli ya magurudumu ya maji iitwayo Michigan huondoka kwa safari za saa moja au moja na nusu. Jina linatokana na undugu wa mkoa wa Shiga na jimbo la Michigan, Marekani, ulioanza 1968. Ina starehe, lakini mwenye siku mbili tu asilipunguzie hekalu la Mii-dera saa kwa ajili yake.

Kituo kimoja mbele, Miidera, unashuka juu ya mfereji. Usiupite kama mtaro wa kawaida. Kyoto ilipopoteza makao ya mfalme mwaka 1869 ilianza kudorora, na dawa iliyopatikana ilikuwa kuchota maji ya Biwa na kuyapitisha chini ya mlima. Kazi ilianza 1885 ikamalizika 1890 chini ya Tanabe Sakuro, mhandisi aliyekuwa na miaka 23 alipokabidhiwa. Handaki la kwanza, ambalo mdomo wake utauona ukifuata mfereji dakika chache, lina mita 2,436, refu kuliko yote Japani wakati ule. Lingechimbwa kutoka ncha mbili tu lingechukua muda mrefu mno, kwa hiyo walizamisha kisima katikati ya njia, wakashusha watu, wakachimba kwenda pande zote mbili kwa wakati mmoja. Tatizo likawa maji: kisima kilijaa kutoka kwenye mwamba na pampu zililemewa. Maji ya mfereji baadaye yalizungusha mitambo ya umeme ya Keage, upande wa Kyoto, kuanzia 1891, na umeme wake ukaendesha tramu za kwanza za Kyoto mwaka 1895. Masika na vuli kuna mashua ndogo zinazopita humo kutoka Otsu hadi Keage. Nafasi ni chache, weka kabla ya safari.

Kutoka mferejini panda hadi Mii-dera, ambalo jina lake rasmi ni Onjo-ji. Fika kabla ya saa 9 alasiri, kwa sababu eneo ni pana. Ukumbi mkuu wa mwaka 1599 ulijengwa kwa mchango wa mjane wa mtawala Toyotomi Hideyoshi. Ubavuni mwake kuna kibanda kilichofunika chemchemi. Weka sikio karibu na wavu wa mbao, usikie maji yakibubujika kwa vipindi, kama mtu anayekoroma. Chemchemi hiyo ndiyo asili ya jina: inasemekana maji yake yaliwaogesha wafalme watatu walipozaliwa, akiwemo Tenji.

Kengele ziko mbili. Ya kwanza, ya mwaka 1602, unaweza kuipiga mwenyewe kwa kulipa. Usiivamie, vuta gogo nyuma taratibu mara moja, liachie, kisha usiguse tena hadi mlio ufe. Ya pili ni kongwe zaidi, ina mikwaruzo, na haipigwi. Hadithi yake ni kwamba Benkei, mtawa mwenye nguvu za ajabu, aliiiba akaiburuta hadi juu ya mlima Hiei. Alipoigonga ikalia “iinoo, iinoo”, kwa lahaja ya huko “nataka kwenda kwetu”. Kwa hasira akaitupa bondeni.

Nguvu zikibaki, rudi Hamaotsu uingie barabara ya zamani ya Tokaido, iliyounganisha Edo (Tokyo ya leo) na Kyoto, mtaa wa Kyomachi. Otsu ulikuwa kituo cha 53, cha mwisho kabla ya Kyoto. Katika mtaa huo kuna jiwe dogo ambalo ni rahisi kulipita. Hapo tarehe 11 Mei 1891 Nicholas, mrithi wa ufalme wa Urusi, alikatwa kichwani kwa upanga na Tsuda Sanzo, askari polisi aliyewekwa kumlinda. Serikali, ikiogopa vita na Urusi, ilitaka Tsuda anyongwe. Kojima Iken, mkuu wa mahakama ya juu, alishikilia kwamba sheria ya kifo iliwahusu watu wa nyumba ya mfalme wa Japani peke yao, na hukumu ikawa kifungo cha maisha.

Siku ya pili: Sakamoto na mlima Hiei

Siku hii ianze mapema kuliko unavyopenda. Fika Sakamoto-Hieizanguchi, mwisho wa kaskazini wa reli ya Keihan, saa 2 asubuhi. Ukitokea Kyoto kwa JR utashukia Hieizan-Sakamoto, ambayo iko chini karibu na ziwa. Ongeza dakika 15 za kupanda kwa miguu. Treni ya kebo iko dakika 10 hivi juu ya stesheni ya Keihan. Ilifunguliwa 1927, ina urefu wa mita 2,025, ndefu kuliko zote za aina yake Japani, na hupanda kwa dakika 11, kila baada ya nusu saa. Ukipanda, ziwa liko nyuma yako, kwa hiyo simama nyuma kabisa ya behewa. Gari la mwisho kushuka ni kama saa 11 jioni, likisogea kidogo kwa msimu. Soma ratiba chini kabla hujapanda, kwa maana kushuka kwa miguu ni saa nzima na nusu kwenye msitu unaoingia giza upesi.

Juu unatembea dakika 10 hadi Enryaku-ji, hekalu lililoanzishwa na mtawa Saicho mwaka 788. Limo pamoja na mahali pa Kyoto na Uji katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1994, lakini anwani yake ni Otsu. Lina maeneo matatu. Todo ndilo la lazima. Saito ni dakika 20 au 25 kwa miguu kupitia mierezi mirefu, nalo linafaa kwa mwenye kupenda ukimya. Yokawa liko kilomita 4 zaidi. Bila basi la mlimani usijaribu, na basi hilo husimamishwa kuanzia Desemba hadi katikati ya Machi.

Mbabe wa vita Oda Nobunaga alilichoma lote mwaka 1571, kwa hiyo karibu kila jengo unaloliona ni la baadaye. Konpon Chudo, ukumbi mkuu, ni wa 1642. Matengenezo makubwa yalianza 2016, na ukilikuta limevikwa jengo la muda usikate tamaa, nenda ndani. Unakanyaga mbao baridi bila viatu (soksi nzito ni muhimu wakati wa baridi), unasogea hadi kizuizi, na mbele yako sakafu inazama kama mita 3. Watawa husali chini humo gizani, na taa tatu zinazosemekana hazijazimika tangu Saicho ziko sawa na macho yako. Kwa kweli zilizimika mara moja, Nobunaga alipochoma mlima, lakini moto wake ulikuwa umeshapelekwa hekalu la Yamadera kaskazini, ukarudishwa kutoka huko. Zinatumia mafuta ya mbegu, na mtu asipoongeza kila siku zinakufa.

Shuka kabla ya saa 7 mchana. Wenye kutaka kuendelea hadi Kyoto kwa upande wa pili wa mlima wanaweza, kwa basi, ropwei (gari linaloning'inia kwenye kamba) na treni nyingine ya kebo, ila njia hiyo nayo hufungwa wakati wa baridi na inakunyima Sakamoto, ambayo ni hasara.

Sakamoto ndio mtaa ambao watawa wa Hiei walishukia uzeeni. Nyumba zao ziko nyuma ya kuta za mawe zilizojengwa na mafundi wa Ano, kijiji cha jirani (kituo cha treni bado kinaitwa Anoo). Kaa karibu na ukuta mmoja uutazame vizuri. Mawe hayakuchongwa wala hakuna saruji. Jiwe kubwa limelalia ncha yake ndefu kuelekea ndani, uzito ukikaa nyuma ya uso wa ukuta, na mianya imejazwa mawe madogo. Nyuma yake kuna kokoto nene. Mvua ikinyesha maji hupita yakatoka. Ukuta uliozibwa kwa saruji bila njia ya maji hubeba tope lililolowa mgongoni mpaka ukavimba na kupasuka, na tetemeko likija wa Ano hucheza kidogo halafu unatulia. Ndiyo sababu mabwana wa vita waliwaita mafundi hao kujenga ngome zao.

Mwisho wa barabara kuna Hiyoshi Taisha, makao makuu ya mahali pa ibada ya Shinto (dini ya asili ya Japani) kama 3,800 nchini. Tumbili ndiye mjumbe wake. Wamechongwa kwenye pembe nne za paa la lango, kila mmoja akilibeba kwa mgongo. Nusu ya pili ya Novemba majani ya momiji, miti ya maple, hugeuka mekundu, na watu hujaa. Chakula cha mchana Sakamoto ni soba, yaani tambi za buckwheat. Duka moja la huko limekuwepo tangu 1716. Tambi zikiisha wanafunga, mara nyingine mapema alasiri.

Ukirudi kusini, shuka Omi-jingumae ikiwa saa inaruhusu. Omi Jingu ni pa mwaka 1940 tu, pamejengwa kwa ajili ya Tenji, aliyeweka saa ya maji mwaka 671. Siku ya Saa Japani, 10 Juni, inatokana na hilo, na ndani kuna makumbusho ya saa. Januari mashindano makubwa ya karuta, mchezo wa kadi za mashairi, hufanyika hapa, kwa kuwa shairi la kwanza kati ya yale mia ya mchezo huo ni la Tenji.

Siku ya tatu ikiwepo, nusu yake tu: njia ya Kosei hadi Katata, kisha basi au dakika 25 kwa miguu hadi Ukimido, kibanda cha ibada kilichosimamishwa juu ya nguzo ndani ya ziwa, cha sasa ni cha 1937. Lakini tazama hali ya hewa. Reli ya Kosei iko juu ya nguzo ndefu kati ya milima ya Hira na maji, na upepo uitwao Hira-oroshi ukishuka, hasa Machi, treni husimamishwa kwa saa kadhaa. Upepo ukitangazwa asubuhi, baki kusini. Njiani kuna Ogoto-onsen yenye maji ya moto. Unajisugua na kujisuuza kwanza ukiwa umekaa, ndipo unaingia birikani bila nguo yoyote.

Sahani

Chakula cha Otsu ambacho hakina mfano ni funazushi. Samaki wa nigorobuna, jike mwenye mayai, huvuliwa masika. Magamba hutolewa, na matumbo huvutwa kupitia matamvuani bila kupasua tumbo, maana tumbo likipasuka mayai yanamwagika na samaki hana thamani tena. Anashindiliwa chumvi kwa miezi kadhaa, huoshwa na kukaushwa, kisha kilele cha joto la Julai hupangwa kwenye pipa tabaka kwa tabaka na wali uliopikwa. Kifuniko, mawe mazito, na maji juu yake kuzuia hewa. Hewa ikipenya, ukungu unaingia na pipa zima linatupwa. Hufunguliwa mwaka mpya, au baada ya mwaka wa pili. Harufu ni ya jibini kali na ukali wa maziwa mgando yaliyopitiliza. Agiza vipande viwili au vitatu, si samaki mzima: ni ghali, kwa kuwa nigorobuna wamepungua. Ukishindwa kula vikavu, viweke juu ya wali umwagie chai ya moto.

Kwa mwenye tumbo la tahadhari kuna koayu, vidagaa vya ziwani vilivyochemshwa katika soya na sukari hadi mchuzi ukauke, ambavyo mla dagaa yeyote atavielewa. Nyama ya ng'ombe ya Omi inasifiwa sana, lakini Mwislamu asidhani ni halali kwa kuwa ni ng'ombe, na aulize pia kuhusu mirin na sake, vileo vya mchele vinavyotiwa katika mapishi: hata mchuzi wa soba mara nyingi una mirin.

Majira, na masharti ya ziwa

Mwanzo wa Aprili mfereji na Mii-dera vimefunikwa maua ya sakura, na tamasha la Sanno la Hiyoshi hufikia kilele tarehe 12 hadi 15. Oktoba, wikendi ya kabla ya Jumatatu ya pili, magari 13 ya mapambo huburutwa mitaani karibu na Hamaotsu. Fataki za Agosti ni nzuri, ila usiku huo stesheni zote za katikati hufurika. Ama lala Otsu, ama ondoka kabla hazijaisha.

Ukivua samaki, jua kwamba black bass na bluegill ukiwanasa hairuhusiwi kuwarudisha majini. Wote ni wageni waliowala samaki wa asili, kama sangara alivyowafanyia furu wa Victoria, na sheria ya mkoa imekataza kuwarudisha tangu 2003. Ufukweni yamewekwa masanduku ya kuwatumbukiza.

Kurudi Kyoto, wacha JR upande njia ya Keishin ya Keihan kutoka Biwako-Hamaotsu. Treni ya mabehewa manne, mita 66, inatoka stesheni na kuingia katikati ya barabara ya magari, inasubiri taa za njia panda kama lori, kisha inapanda mlima kwa mwinuko wa mita 61 kwa kila 1,000 na baadaye kugeuka treni ya chini ya ardhi ya Kyoto. Kama una dakika 15, shuka Otani, kituo cha pili. Jukwaa lenyewe liko kwenye mteremko, kwa hiyo mafundi walikata miguu ya mabenchi upande mmoja mifupi, mwingine mirefu, ili abiria akae sawa akisubiri treni inayofuata.